Kivuko Kisichovunjika: Historia ya Maji ya Chumvi na Sukari

Leo hatutaanza na dalili wala dawa. Leo nataka tukae kitako nikusimulie historia. Ni historia ya kitu ambacho huenda unacho nyumbani, juu ya kabati au ndani ya sanduku: ile pakiti ndogo ya unga mweupe tunayoiita ORS.

Nimeichagua historia hii kwa sababu ya swali moja tunaloulizwa sana hapa Tarasaa na katika vijiji vya Delta ya Tana. Mama analeta mtoto anayeharisha. Anapewa pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Anaziangalia, kisha anasema: "Sista, hii si chumvi na sukari tu? Mbona mtoto hapewi dawa ya nguvu? Mbona hatundikiwi dripu?" Kesho yake anarudi na lalamiko la pili: "Nimempa, lakini bado anaharisha. Hii kitu haifanyi kazi, nimeiacha."

Maswali hayo ni ya haki. Madaktari wa dunia nzima walijiuliza maswali kama hayo kwa zaidi ya miaka 100. Jibu lilikuwa limejificha ndani ya utumbo, mahali padogo ambapo jicho haliwezi kuona. Ukilijua jibu hilo, hutaacha tena kumpa mtoto maji hayo eti kwa sababu bado anaharisha. Kwa hivyo tega sikio.

UGONJWA ULIOFUATA MISAFARA

Tuanze na kipindupindu, kwa sababu ndicho kilichowafundisha madaktari. Kipindupindu ni mfalme wa magonjwa ya kuharisha. Mtu mzima anaweza kutokwa na maji hata lita moja kwa saa moja. Choo chake hakifanani na choo, kinafanana na maji yaliyooshewa mchele. Asubuhi mtu ni mzima, jioni macho yamedidimia, sauti imekauka, na mwili umepoa. Wale wanaougua vikali wasipotibiwa, nusu yao au zaidi hufa.

Pwani yetu inakijua kipindupindu tangu zamani. Katika karne ya 19 kilifika Zanzibar zaidi ya mara moja. Kile cha mwaka 1869 na 1870 kiliua watu wengi sana Unguja. Daktari James Christie alikuwa akifanya kazi huko wakati huo. Alihojiana na wafanyabiashara na wasafiri ili ajue ugonjwa ulipita wapi, na mwaka 1876 kitabu chake kilichapishwa London. Alieleza kwamba ugonjwa ulitoka kaskazini, ukapita bara katika nchi ya Wamaasai, ukateremka na misafara hadi Pangani, kisha ukavuka bahari kwenda visiwani. Ulisafiri na watu, na maji yao, na vyombo vyao.

Mwaka 1884 daktari Mjerumani Robert Koch, akiwa Kolkata nchini India, alithibitisha kwamba kipindupindu huletwa na kijidudu kidogo kilichopinda kama alama ya mkato. Kijidudu hicho huingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na choo.

Ugonjwa huo haujatuacha. Wimbi jipya lilianza Indonesia mwaka 1961 na likafika Kenya mwaka 1971. Lilienea sana baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Na sisi wa Tana River tunakumbuka mwaka 2024: mto ulifurika, vyoo vikajaa maji, visima vikachafuka, na mwezi wa Mei zaidi ya wagonjwa 40 wa kipindupindu waliripotiwa katika kaunti yetu.

MAJI YANATOKA, LAKINI HAYAINGII

Mapema sana madaktari walitambua kwamba mgonjwa wa kipindupindu hufa kwa kukaukiwa na maji. Mwaka 1831 daktari kijana wa Ireland, William O'Shaughnessy, alipima damu ya wagonjwa akakuta imepungukiwa maji na chumvi. Mwaka 1832 daktari Thomas Latta wa Scotland alijaribu kurudisha maji ya chumvi moja kwa moja kwenye mshipa. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa dripu. Wagonjwa wengine waliokuwa karibu kufa waliamka wakakaa. Lakini wenzake wengi hawakumfuata. Kwa miaka mingi waliendelea kutoa wagonjwa damu na kuwapa dawa za kuwaharisha zaidi.

Dripu ilirudi katika karne ya 20 na kuokoa maisha. Hata hivyo ina masharti yake. Inataka maji yaliyotengenezwa kwa usafi mkubwa, sindano, mpira, kitanda, na mtu aliyesomea kazi hiyo. Wewe unaijua delta yetu. Barabara ikikatika na kijiji kikageuka kisiwa, dripu iko ng'ambo na mtoto yuko huku.

Kwa nini basi mgonjwa asinywe tu maji? Walijaribu. Maji matupu yalipita moja kwa moja yakatoka. Wakajaribu maji ya chumvi. Nayo yakatoka. Ilionekana kana kwamba utumbo umekuwa ndoo iliyotoboka. Madaktari wengi wakaamini kwamba kipindupindu huchubua ngozi ya ndani ya utumbo, kwa hivyo hakuna faida ya kumnywesha mgonjwa. Wengine walisema utumbo upumzishwe, asipewe kitu.

Unaona, mama? Ile tabia ya kumnyima mtoto maji na chakula "ili tumbo likauke" haikuanzia kwa bibi zetu peke yao. Hata hospitali kubwa za Ulaya zilikuwa nayo. Na wote walikosea kwa sababu moja: hawakuwa wanajua milango ya seli.

UKUTA WA MAFUTA NA MILANGO YAKE

Mwili wa mtoto wako umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba uliotengenezwa kwa mafuta. Na wewe mpishi unajua tabia ya mafuta na maji: havichanganyiki. Chumvi na sukari zilizoyeyuka katika maji haziwezi kupita zenyewe kwenye ukuta wa mafuta.

Kwa hivyo Mungu aliweka milango. Milango hiyo imetengenezwa kwa protini, ile ile tunayosema iko katika maharagwe, samaki, mayai na maziwa. Ukila protini, mwili unaivunja vipande vipande na kujengea protini zake wenyewe. Nyingine zinakuwa misuli. Nyingine zinasimama kwenye utando wa seli kama milango.

Milango hiyo ni ya aina mbili kubwa. Kuna iliyo kama mfereji wa shamba la mpunga: ukifungua kizuizi, vitu vinatiririka. Na kuna iliyo kama mtumbwi wa kuvusha watu mtoni: unapokea abiria upande huu, unawafikisha upande wa pili, kisha unarudi kuchukua wengine. Shika mifano hii miwili, mfereji na kivuko. Ndiyo historia yetu yote ya leo.

MWIZI ANAYEPITIA MLANGO WA TAKATAKA

Mwaka 1959, Kolkata, mtafiti wa Kihindi aliyeitwa Sambhu Nath De alifanya jaribio kwa utumbo wa sungura. Alichukua maji ambamo vijidudu vya kipindupindu vilikuwa vimekuzwa, akaviondoa vijidudu vyenyewe, akatia maji yaliyobaki katika kipande cha utumbo. Utumbo ukajaa maji. Akaonyesha kwamba kinachofanya kazi ile mbaya ni sumu inayotolewa na kijidudu. Kijidudu chenyewe hakihitaji hata kuingia ndani ya ukuta wa utumbo, na wala hakiuchubui.

Baadaye wanasayansi waligundua kwamba sumu hiyo nayo ni protini, yenye vipande 6. Vipande 5 vimeungana kama pete, kazi yake ni kushika seli. Kipande cha 6 ndicho chenye madhara. Lakini protini ni kitu kikubwa. Itavukaje ukuta wa mafuta?

Hapa ndipo ujanja wake ulipo. Seli ina karakana ndani yake ambapo protini mpya hutengenezwa. Kila protini inayopaswa kwenda mahali fulani hubeba alama kama anwani ya barua, na hupitishwa kwenye tundu jembamba, ikiwa imenyooshwa kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano. Mtafiti Günter Blobel, aliyefanya kazi New York tangu miaka ya 1960, ndiye aliyeongoza ugunduzi wa anwani hizo, na mwaka 1999 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Karakana hiyo pia ina njia ya kutupia protini zilizoharibika, ili zitoke nje ya karakana na kuvunjwavunjwa.

Sumu ya kipindupindu humezwa na seli na kupelekwa hadi karakana hiyo. Ikifika, kile kipande kibaya kinajifanya protini iliyoharibika. Seli yenyewe inakifungua, inakinyoosha kama uzi, na kukipitisha kwenye mlango wa takataka. Kikishatoka upande wa pili, kinajikunja upya na kuponyoka kisivunjwe. Ni kama mwizi aliyeingia ndani ya mzigo wa mwenye nyumba, kisha akatembea kwa miguu yake.

Akishaingia, mwizi huyo hufanya jambo moja tu. Anaiwasha swichi na kuifunga isizimike. Swichi hiyo inaamuru ile milango ya aina ya mfereji ibaki wazi. Chumvi inamwagika kutoka kwenye seli kuingia ndani ya utumbo, na maji yanaifuata, kwa sababu popote chumvi iendapo maji huenda. Hayo ndiyo maji unayoyaona yakitoka.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Hatuna dawa ya kunywa inayoweza kuingia ndani ya seli ile na kuizima swichi hiyo. Dripu nayo haiizimi. Lakini seli za utumbo haziishi muda mrefu. Kila baada ya siku chache zinapukutika na mpya zinaota. Zile zilizotiwa sumu zitaondoka zenyewe. Kinachotakiwa ni mgonjwa awe hai mpaka siku hiyo. Vita vyote ni vya siku hizo chache.

KIVUKO CHA CHUMVI NA SUKARI

Mwezi wa Agosti mwaka 1960, katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague, Mmarekani Robert Crane alieleza jambo ambalo hakuna aliyelijua vizuri kabla yake. Alisema sukari ya glukosi haivuki ukuta wa utumbo peke yake. Inavuka pamoja na chumvi. Kuna kivuko kinachobeba vyote viwili kwa pamoja.

Leo tunakijua kivuko hicho. Mwaka 1987 Ernest Wright na wenzake walifaulu kulipata jeni linalokitengeneza. Kila safari kinabeba abiria wawili wa chumvi na mmoja wa sukari. Akikosekana abiria wa sukari, mtumbwi hauvuki. Ndiyo sababu maji ya chumvi matupu hayakusaidia. Chumvi na sukari zikivuka pamoja, maji yanazifuata, mara hii kuelekea ndani ya mwili.

Na jambo kubwa zaidi ni hili: sumu ya kipindupindu inafungua mifereji ya kutoa maji, lakini haikigusi kivuko. Mafuriko yamebomoa kingo zote, lakini mtumbwi wa kuvusha bado unafanya kazi. Unangoja abiria tu.

DHAKA, MWAKA 1968

Maneno ya mkutanoni hayaponyi mtu. Ilibidi yajaribiwe. Kapteni Robert Phillips, daktari wa jeshi la majini la Marekani, alijaribu mapema miaka ya 1960 huko Ufilipino kuwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na glukosi. Mwanzo ulikuwa mzuri, lakini katika jaribio lililofuata chumvi ilikuwa nyingi mno na baadhi ya wagonjwa walifariki. Kazi ikasimama. Liweke hilo akilini: maji haya ni dawa, na dawa ina kipimo.

Mwaka 1968, katika maabara ya utafiti wa kipindupindu mjini Dhaka, nchi ambayo leo ni Bangladesh, madaktari vijana David Nalin na Richard Cash, pamoja na wenzao Rafiqul Islam na Majid Molla, walirudi kwenye swali lile kwa uangalifu. Wagonjwa walilala kwenye vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Kila kilichotoka kilipimwa. Kisha mgonjwa alinyweshwa maji ya chumvi na glukosi kwa kiasi kile kile kilichotoka. Huo ndio ulikuwa ufunguo: mrudishie alichopoteza, usimpe kidogo ukadhani yatosha. Wagonjwa walikuwa 29. Mahitaji ya dripu yalipungua kwa takriban asilimia 80. Matokeo yalichapishwa mwezi wa Agosti mwaka huo.

Hata hivyo madaktari wengi hawakukubali. Walisema hiyo ni kazi ya hospitali ya utafiti yenye wataalamu. Haiwezi kufanywa na watu wa kawaida.

MAMA NA KIKOMBE

Mwaka 1971 vita vilizuka katika nchi hiyo. Mamilioni ya watu walikimbilia India. Katika mji wa mpakani wa Bangaon, kipindupindu kiliingia kambini. Hospitali ilikuwa na vyumba viwili vya wagonjwa wa kipindupindu na vitanda 16. Watu walilala sakafuni katika matapishi na choo. Daktari Dilip Mahalanabis aliona dripu zinakwisha na barabara haipitiki vizuri kuleta nyingine.

Akaamua kuchanganya chumvi, glukosi na magadi katika maji, akajaza kwenye mapipa yenye bomba. Kisha akawapa kazi watu ambao hakuna daktari aliyekuwa akiwategemea: mama wa mgonjwa, dada yake, mume wake, jirani yake. Kila mmoja alichota kwa kikombe na kumnywesha wake. Kabla ya hapo, karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa kambini. Miongoni mwa zaidi ya 3,000 waliotibiwa kwa njia hii, waliokufa hawakufika 4 katika kila 100.

Na kuna jambo litakalokufurahisha wewe unayesikiliza redio. Maelezo ya jinsi ya kuchanganya maji hayo yaliandikwa katika vikaratasi na kugawanywa mpakani, na pia yalitangazwa katika redio ya siri ya Wabangladeshi wakati wa vita. Kumbe hata wakati ule elimu hii ilipitia kwenye masikio ya watu kama wewe. Daktari Mahalanabis aliishi mpaka mwaka 2022.

Baada ya vita, kati ya mwaka 1980 na 1990, shirika la BRAC la Bangladesh lilituma wanawake nyumba hadi nyumba. Walifundisha mama mmoja mmoja kuchanganya chumvi kwa vidole vitatu, sukari guru kwa kiganja, na maji. Mama wengi hawakujua kusoma, kwa hivyo walifundishwa kwa mdomo na mikono. Mwalimu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizopita, bali kwa kile ambacho mama alikumbuka alipoulizwa baadaye. Zilifikiwa nyumba takriban milioni 12.

Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kupambana na kuharisha, na pamoja na UNICEF pakiti za ORS zikasambazwa duniani. Mwaka 2002 mchanganyiko ulipunguzwa chumvi na sukari, kwa sababu uchunguzi ulionyesha kwamba maji mepesi kidogo yanapunguza kutapika na wingi wa choo. Mwaka 2004 zinki iliongezwa katika maelekezo ya kutibu watoto wanaoharisha. Inakadiriwa kwamba ORS imeokoa maisha ya makumi ya mamilioni ya watu, wengi wao watoto.

HISTORIA HII INAKUDAI NINI?

Mama, kuharisha kwa watoto wetu wengi si kipindupindu. Kuna virusi na vijidudu vingine. Lakini njia ya kurudisha maji ni ile ile, na kivuko ni kile kile.

Kwanza, sasa unajua jibu la lalamiko lile. ORS haikutengenezwa kuzuia choo. Kazi yake ni kurudisha maji mwilini wakati mwili unajisafisha. Kwa hivyo usiipime kwa kuangalia nepi. Ipime kwa kumwangalia mtoto: anakojoa? Machozi yanatoka akilia? Macho hayajadidimia? Anacheza? Basi inafanya kazi hata kama bado anaharisha. Usiache.

Pili, soma pakiti au uliza unapopewa. Nyingine ni za nusu lita, nyingine ni za lita moja. Chupa ya maji ya nusu lita iliyooshwa vizuri ni kipimo kizuri. Tumia maji safi yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa. Mimina pakiti yote. Usigawanye unga, usiongeze sukari, usiongeze chumvi. Sukari ikizidi huvuta maji kurudi utumboni, ndiyo sababu soda haifai. Chumvi ikizidi inaweza kuua, kama ulivyosikia. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage, uchanganye mengine.

Tatu, mpe kwa kiasi anachopoteza. Kila baada ya choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe kidogo. Wa miaka 2 na zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Mpe kwa kijiko au kwa kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi.

Nne, anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Anayekula aendelee kula uji, wali laini, ndizi na samaki. Mpe zinki kwa siku zote alizoandikiwa, 10 hadi 14, hata kuharisha kukiisha mapema.

Tano, kama pakiti haipo na zahanati iko mbali, chukua lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, visiwe na kilima. Yaonje: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Hayo ni ya kukuvusha tu mpaka upate pakiti.

Sita, kuna wakati kivuko hakitoshi, na dripu ndiyo ya haki. Mtoto aliyelegea au asiyeamka vizuri, asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, mwenye macho yaliyodidimia, ambaye ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi polepole, au mwenye damu katika choo: huyo mpeleke kituoni mara moja. Na yeyote, mtoto kwa mkubwa, anayetoa choo kama maji ya mchele, mpeleke bila kungoja. Kama bado anaweza kumeza, mnyweshe ORS njiani, hata ndani ya mtumbwi. Usingoje mpaka ufike.

Kabla mvua hazijaanza, omba pakiti mbili tatu kwa mhudumu wa afya wa kijiji chako. Ziweke mahali pakavu, juu, ambapo maji ya mto hayafiki. Mwonyeshe binti yako mkubwa na mama mkwe wako jinsi ya kuchanganya, kwa sababu siku mtoto atakapougua huenda wewe uko shambani au sokoni Garsen.

Sasa mtu akikuambia "hiyo ni chumvi na sukari tu," mweleze habari za kivuko. Mwambie kina abiria wawili wa chumvi na mmoja wa sukari, na kwamba kipindupindu hakijawahi kukivunja.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kutibu maji ya kunywa wakati wa mafuriko. Mpaka wakati huo, nawa mikono kwa sabuni.